Bandari ya Mocímboa na Mvuvi Wake

Tangu gesi igunduliwe mwaka 2010 chini ya bahari ya Cabo Delgado, bandari ndogo ya Mocímboa da Praia imetajwa sana na wenye meli na wenye mitaji. Mvuvi hutajwa kwa nadra. Sisi twaona kasoro hiyo si ndogo.

Mji huo umeonja msiba: ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Wananchi wengi waliokimbia wamerejea, na kilichowarejesha ni shamba na bahari, si gesi.

Yaliyotokea wilaya jirani ya Palma yatupe funzo. Watu wa Quitupo walihamishwa kupisha kiwanda cha gesi, wakajengewa kijiji cha Quitunda. Nyumba ni nzuri, hatukatai. Lakini nyumba haina nguru wala ngisi. Mtu aliyezoea kushuka pwani kwa miguu, na mkewe akiokota chaza maji yanapokupwa, humwambii amelipwa kwa kuwa amepata bati jipya. Sheria ya Ardhi ya 1997 yatambua haki ya mwanakijiji juu ya ardhi ya mila. Bahari nayo aliirithi, ingawa hana hati yake.

Kwa hiyo twasema: bandari ya Mocímboa inapopokea mabomba na saruji, itenge pia diko, barafu na ghala la samaki. Na wavuvi waulizwe diko likae wapi, kabla zege halijamwagwa.