Oili pima mwenyewe, breki mwachie fundi

Ukinunua gari lako la kwanza hapa Nairobi, huenda limeshakula miaka saba Japani. Sheria huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka minane, kwa hivyo utamhitaji fundi mapema, awe wa Grogan au wa Kawangware.

Lakini oili, maji ya rejeta na upepo wa magurudumu, angalia mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi. Fundi mjanja hula ujinga wako kwanza. Breki usiguse kama hujafunzwa. YouTube haitakushikia gari ukishuka Waiyaki Way. Spea nunua mwenyewe Kirinyaga Road, dai risiti (feki ziko), kisha mwambie fundi akurudishie ile kuukuu. Akisema ameitupa, tafuta mwingine.