Deni la Mshahara Si Ugomvi wa Ukoo

Msiba ukitupata hapa Massachusetts, kufikia jioni mchango umeshaanza kwenye WhatsApp na mtu ameshaulizia bei ya kusafirisha mwili. Katika hilo hatuna mpinzani. Lakini dada yetu anayekesha na mzee mgonjwa akilalamika kwamba wakala aliyemwajiri hajamlipa zamu za usiku, wengi tunamwambia avumilie: mwenye kampuni ni mtu wetu, wazee wataongea naye baada ya ibada.

Jarida hili halikubaliani na ushauri huo. Kikao cha wazee kina nafasi yake kwenye mahari na mirathi. Kwenye mshahara kinakula muda tu, na sheria ya jimbo humpa mfanyakazi miaka 3 ya kudai, basi. Tena mfanyakazi akishinda mahakamani, mwajiri hulipa mara 3 ya deni pamoja na ada ya wakili. Ni mzee gani wa kanisa atakayetoza hivyo?

Tatizo ni wakili. Tangu uamuzi wa kesi ya Gideon mwaka 1963, mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Anayedai mshahara hana haki hiyo, wala mpangaji anayekabiliwa na kufukuzwa, na mara nyingi mwenye nyumba huja na wakili wake. Pengo hilo ndilo linalozibwa, walau kwa kiasi, na kliniki za vyuo vya sheria. Harvard Legal Aid Bureau, inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, ipo tangu 1913, na huwatetea bure watu wa kipato kidogo katika mambo ya nyumba, mishahara na familia.

"Watoto wa shule wanitetee mimi?" Swali hilo tunalisikia sana. Kanuni za Mahakama Kuu ya jimbo zinamruhusu mwanafunzi kusimama mbele ya hakimu chini ya wakili mwenye leseni. Na kwa kuwa ana kesi chache, anazisoma. Hati yako ya mshahara inasema saa 40. Simu yako ina ujumbe wa bosi, "njoo ulale kwa mama leo", wiki baada ya wiki. Mwanafunzi atakaa nawe azipange jumbe hizo siku kwa siku mpaka saa zilizofichwa zionekane. Basi usifute kitu.

Kasoro zipo. Aliyeijua kesi yako anahitimu Mei, na mwingine anaanza kuisoma upya. Wanaokosa nafasi pia ni wengi, kwa hiyo anayekwenda usiku wa kuamkia kesi amechelewa. Nenda karatasi ya kwanza inapofika. Notisi ya siku 14 ya kodi isiyolipwa, kwa mfano, si amri ya kuhama. Amri hutoka mahakamani. Wasio na vibali nao wasijifiche: sheria ya mshahara inawalinda, na wanayomweleza wakili ni siri.

Kamati yetu ya ustawi ina madereva wa kujitolea wanaopeleka wagonjwa hospitali. Tunaiomba ianze kupeleka watu kliniki za sheria pia, hata kama mdaiwa anakaa benchi la mbele kanisani.