Kumaliza Dawa si Kazi ya Mgonjwa Peke Yake

Kifua kikuu ni adui ambaye silaha ya kumshinda tunayo. Tangu Robert Koch alipokitangaza kijidudu chake mwaka 1882, elimu imesonga mbele hata leo dawa zake zapatikana, na hapa Tanzania mgonjwa hupewa bure. Lakini silaha itupwayo katikati ya vita humfaa adui. Nasi leo twataka kulitazama jambo hilo la dawa kuachwa katikati.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, homa za usiku huondoka, na mgonjwa huanza kurudisha mwili. Hapo ndipo penye hatari. Mwili waona nafuu, hali vijidudu vingine vingali hai. Dawa zikiachwa, vijidudu hivyo huzaana upya. Zikinywewa kwa kurukaruka, huweza kuzuka vijidudu sugu visivyosikia dawa za kawaida. Na atakayeambukizwa hivyo huanza na ugonjwa sugu tangu siku ya kwanza, bila kosa lake.

Wako wasemao, "Mgonjwa huyo mkaidi." Neno hilo ni jepesi kulitamka, lakini halielezi kitu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hata katika nchi tajiri, wafuatao sawasawa matibabu ya muda mrefu ni kama nusu tu ya wagonjwa. Je, nusu yote iliyobaki ni wakaidi? Hasha! Kibarua akienda zahanati asubuhi hukosa ujira wa siku ile. Mwingine huona mkojo wake umekuwa mwekundu, akaziogopa dawa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni rangi ya dawa tu. Mwingine hana chakula cha kushushia vidonge. Mwingine huwaonea haya majirani.

Nchi yetu ina haki ya kulisema jambo hili, maana katika jambo hili iliifundisha dunia. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Katika mpango huo Daktari Karel Styblo na wenzake Watanzania walionyesha kuwa nchi maskini yaweza kuwaponya wagonjwa wengi, mradi dawa zisikatike, kila mgonjwa aandikwe na kufuatwa hadi mwisho, na mwangalizi amwone akimeza dawa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo ulimwenguni. Baadaye Tanzania iliongeza hatua nyingine: mgonjwa aweza kumchagua mtu wa nyumbani amsimamie. Hekima yake ni dhahiri. Mtu hushika zaidi shauri aliloshiriki kulipanga kuliko amri aliyopigiwa.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mganga amweleze mgonjwa kwa lugha nyepesi, amwulize shida zake, asimkaripie. Wafanyakazi waijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo kwa masharti yake yatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na siku 63 kwa nusu mshahara. Vyama vya wafanyakazi visikubali mgonjwa afukuzwe kwa sababu ya kikohozi chake. Na kwa kuwa kibarua wa kutwa haifikiwi na likizo hiyo, zahanati haina budi kupanga saa zake kwa kumfikiria yeye.

Nasi wanachama tukumbuke mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Moyo huo wahitajiwa tena katika mashina yetu. Kiongozi wa shina asitangaze ugonjwa wa mtu, kwani siri ya mgonjwa ni amana. Lakini aweza kuhakikisha kwamba jirani anayeumwa hakosi uji, hakosi nauli, wala hakosi mtu wa kumwambia katika mwezi wa nne, "Ndugu, bado miwili."