Televisheni, Simu na Neno "Bure": Maoni Kutoka Olbalbal

Saa mbili ya usiku, katika duka moja la kata ya Olbalbal, wilayani Ngorongoro, nilihesabu watu 32 mbele ya televisheni moja ya inchi 24. Televisheni hiyo haikuwa na dishi wala king'amuzi. Picha zilitoka katika simu ya kijana mwenye duka, naye aliishika mkononi kwa uangalifu mkubwa. Na kila lililotokea katika kioo cha simu lilitokea papo hapo katika kioo cha televisheni. Katikati ya sinema simu iliita. Jina la mpigaji lilijitokeza kwa herufi kubwa mbele ya hadhara nzima, na kicheko kilichofuata kilidhihirisha kwamba halikuwa jina la kuonyeshwa hadharani. Kijana aliikata simu hiyo, sinema ikaendelea.

Nilikuwa nimefika huko na wanafunzi wangu wawili kupima nguvu ya mawimbi ya simu katika bonde hilo. Nilimwamkia mzee aliyeketi kando yangu, kisha nikamwuliza watazamaji hulipa kiasi gani kwa usiku mmoja. "Hakuna malipo, mwalimu," alinijibu. "Hii ni ya bure."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mimi siamini kwamba picha ile ilikuwa ya bure, wala siamini kwamba watu wale walikuwa wakidanganywa. Yafaa tulichunguze jambo lenyewe kwa utaratibu.

Kwanza tuone kinachotendeka. Simu huvuta sinema kutoka mnara wa simu, ikaifungua na kuichora katika kioo chake. Kisha huichukua picha iliyokwisha chorwa, ikaibana upya, na kuituma kwa redio yake ndogo hadi kwenye televisheni iliyo hatua chache kutoka hapo. Utaratibu unaotumiwa na simu na televisheni nyingi kwa kazi hii, uitwao Miracast, ulitolewa mwaka 2012. Nitauita kuakisi kioo, ingawa vijana wa Olbalbal husema tu "kurusha". Safari ya pili, yaani kutoka simu hadi televisheni, haigusi mnara hata kidogo, na kwa hiyo haili kifurushi cha mtu. Safari ya kwanza ndiyo inayokila.

Upo utaratibu mwingine unaofanana na huu kwa macho tu. Katika huo simu huiambia televisheni mahali sinema ilipo, kisha televisheni yenyewe huifuata huko kwa njia ya intaneti. Simu yaweza kuwekwa mfukoni na mwenyewe akaenda zake. Mjini, palipo na intaneti ya nyumbani, huu ndio ulio bora. Olbalbal, ambako intaneti yote ya dukani imo ndani ya simu ile moja, kuakisi ndiko kunakoeleweka, maana simu ndiyo mnara wa nyumba.

Sasa tufanye hesabu. Picha ya wastani, isiyo na fahari nyingi, yahitaji takriban megabiti 1 kwa kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi tunapata megabiti 3,600, ambazo ni megabaiti 450. Mchezo wa mpira wa saa mbili utakula megabaiti 900. Picha iliyo safi zaidi, ya megabiti 5 kwa sekunde, itakula gigabaiti 2 na robo kwa saa moja tu. Hiyo ndiyo gharama ya "bure" ya Olbalbal, na mlipaji ni kijana mwenye duka. Alipoulizwa kwa nini hufanya hivyo alisema kwamba watazamaji hununua soda na sabuni, na kwamba duka lisilo na picha hukaa kimya. Basi bei ya sinema imo ndani ya bei ya soda. Matangazo ya biashara yanayokatiza vipindi hivyo ni malipo mengine, yanayolipwa kwa muda wa mtazamaji.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, nao ndio unaonifanya nimsifu kijana yule. Watu 32, kama kila mmoja angetazama sinema ile katika simu yake, wangevuta megabaiti 14,400 kwa saa kutoka mnara mmoja wa mashambani. Na mnara huo, ambao nguvu yake hugawanywa kwa wote walio chini yake, ungelemewa kabisa. Kwa kuakisi, zilivutwa megabaiti 450 tu. Mtandao wa simu umejengwa kwa mtu mmoja na mtu mmoja. Watu wa Olbalbal, bila kusomea uhandisi wa mawasiliano, wameugeuza kuwa wa mmoja na wengi. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu niliishi katika jengo ambamo kila chumba kilikuwa na kioo chake, na kila mtu alijifungia akitazama kipindi kile kile alichokitazama jirani yake. Sikumbuki mtu yeyote aliyeliona jambo hilo kuwa ni upotevu.

Umeme nao ni wa kuhesabiwa. Televisheni ndogo ya wati 30 ikiwashwa saa tatu hutumia wati-saa 90, nazo ni nyingi kwa duka linalotegemea paneli ya jua na betri iliyonunuliwa Karatu. Simu nayo hufanya kazi mbili kwa pamoja, kuifungua picha na kuibana upya, hata ikapata joto na chaji yake ikashuka upesi. Palipo na waya unaofaa simu na televisheni zote mbili, waya ni bora kuliko hewa. Na pale ambapo kipindi kitatazamwa zaidi ya mara moja, bora zaidi ni kukipakua mara moja mjini, kama mwenyewe ameruhusu kipakuliwe, na kukileta katika flashi. Mtindo huu si mgeni kwetu: mabanda ya video, ambayo watu wengi huyaita vibanda umiza, yaliendeshwa miaka mingi kwa kanda na santuri zilizosafiri kwa basi.

Kuhusu sinema za wizi sitasema mengi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na msanii wa Tanzania aliyeibiwa kazi yake huumia sawasawa na yule wa ng'ambo. Mtu akiona kipindi cha kulipia kinageuka cheusi mara tu anapokiakisi, asidhani televisheni yake imeharibika. Huo ni mlango uliofungwa makusudi na wenye kipindi.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi ni nyingine. Kuakisi hakuchagui. Kijana yule alihitaji kuongeza kifurushi katikati ya sinema, akataka kukinunua kwa fedha zilizomo katika simu yake, na simu ilikuwa bado inaakisi. Katika huduma za fedha zinazoendeshwa kwa kubonyeza nyota na tarakimu, namba ya siri aghalabu huonekana wazi inapoandikwa. Nilimshika mkono kabla hajaandika tarakimu ya kwanza. Majirani zake ni watu waaminifu, sina shaka. Hata hivyo namba ya siri inayojulikana na watu 32 si ya siri tena. Kadhalika programu zinazojitangaza kwamba zitarusha "chaneli zote bure" huomba ruhusa ya kutazama kila kilichomo katika kioo. Anayeitoa ruhusa hiyo ameifungulia mlango mashine asiyoijua.

Sasa nirudi kwenye neno "bure", maana lipo swali kubwa zaidi nyuma yake. Kwa nini duka la Olbalbal litegemee kifurushi cha mtu mmoja ili lione taarifa ya habari ya taifa?

Sehemu ya jibu ni ya kijiografia. Olbalbal ni bonde, mahali ambapo maji ya korongo la Olduvai huishia. Kati yake na Karatu umesimama ukingo wa kreta ya Ngorongoro, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya televisheni ya mitambo ya ardhini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiyazuia hayapindi kwa urahisi kama yanavyopinda mawimbi marefu ya redio. Ndiyo maana redio ilifika katika maboma haya zamani, na televisheni ikachelewa. Sehemu nyingine ya jibu ni ya historia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali Bara tulingoja hadi mwaka 1994, kwa hoja kwamba chombo hicho kingewafaa wachache wa mijini kwa gharama ya wote. Tulipoihama mitambo ya analojia, kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tuliambiwa kwamba king'amuzi kitaleta picha safi. Mijini kililileta jambo hilo. Nyuma ya mlima, picha safi isiyofika haina tofauti na picha chafu isiyofika.

Lakini mlima hauzibi anga. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, kimo cha karibu kilometa 36,000, na ile iliyo katika nyuzi 36 za mashariki iko karibu utosini mwa Olbalbal. Dishi linaloielekea hutazama juu kama sahani iliyowekwa kukinga mvua; hakuna kilima wala mgunga utakaolizuia. Na tofauti yake na simu ni hii: boriti ya setilaiti hugharimu kiasi kile kile, watazame watu kumi au milioni kumi. Huo ndio mgawanyo wa gharama ambao kijana wa duka anajaribu kuupata kwa simu yake moja.

Rai yangu, basi, ni kwamba chaneli za taifa zionekane kwa dishi mahali popote nchini, bila kuuliza kama mtazamaji amelipia mwezi huo au la. Mjadala uliozuka mwaka 2018 kuhusu chaneli hizo katika ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti uliendeshwa kwa lugha ya leseni na makampuni. Mtu wa nyuma ya mlima, ambaye hana mtambo wa ardhini wa kukimbilia, hakusikika sana. Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ambao husaidia kujenga minara pale ambapo biashara peke yake isingeijenga. Sioni sababu ya fikra hiyo kukomea kwenye simu. Nitaambiwa kwamba wakati wa matangazo ya wote umepita, na kwamba kila mtu sasa huchagua chake. Mwenye kusema hivyo na aende akahesabu megabaiti kule bondeni.

Lipo jambo moja zaidi. Bonde hili limepigwa picha kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mary Leakey alipoliona fuvu la kale katika korongo la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, kazi ya kulichimbua ilisubiri hadi alipofika mpiga picha Des Bartlett, aliyekuwa akifanya kazi na Armand Denis, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni ya Uingereza. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar. Kaburi lake na la mwanawe Michael yapo ukingoni mwa kreta, na msafiri atokaye Karatu hupita karibu nayo. Picha zilitoka Olbalbal kwa wingi. Kurudi, hazikurudi.

Usiku ule, sinema ilipokwisha, nilimwomba kijana atafute kipindi chochote kuhusu Olduvai. Alipata kimoja, cha Kiingereza. Watu walinyamaza. Mzee wangu aliinuka akasogea karibu na kioo, akaonyesha kwa fimbo ukingo wa korongo na mahali ambapo babake alikuwa akinywesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Akalitaja jina la mmea, oldupai, ule mkonge wa porini uliolipa korongo jina lake, ambalo wageni walilikosea wakaandika Olduvai. Mambo hayo msimulizi wa kipindi hakuyataja. Kisha mzee akaniuliza: "Huyu anazungumza habari za kwetu. Mbona hazungumzi nasi?"

Nilijibu kwamba kipindi hakikutengenezwa kwa ajili yetu. Jibu hilo ni la kweli, lakini liliniaibisha, maana vyuo vyetu vina wanaakiolojia, vina kamera, na vina wanafunzi wanaojua Kiswahili na Kimaasai. Kipindi cha dakika kumi kwa lugha hizo mbili, kilichotiwa katika flashi na kuachwa dukani, kisingekula kifurushi cha mtu hata mara moja. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zinaishi Msomera, wilayani Handeni. Nao wangekitazama, na pengine wangekihitaji kuliko waliobaki.

Wanafunzi wangu wawili wameanza kazi hiyo. Mzee amekubali kusimulia, kwa sharti kwamba atakitazama yeye kwanza, katika televisheni ile ile ya dukani, na simu zote ziwe zimezimwa.