MAONI YA KATIBU: USIMALIZIE HASIRA KWENYE CHOMBO CHA MWENZIO

Ndugu wanakijiji,

Ukichukua jiwe ukavunja kioo cha gari la mumeo, au panga ukakata tairi na kiti cha pikipiki ya mkeo, hayo si mambo ya ndani tena. Ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inasema anayeharibu mali kwa makusudi na bila haki anaweza kufungwa hadi miaka 7. Haikuandikwa mle kwamba mke amesamehewa, wala mume. Na wale wanaoishi pamoja bila ndoa nao wamo.

Naandika kwa sababu mwaka huu shauri la namna hii lililetwa mbele ya wazee, na maneno niliyoyasikia pale hayakunipendeza. Mama mmoja alinunua pikipiki kwa fedha za ufuta wake, na kadi ina jina lake. Mume aliitaka, akanyimwa, akaipiga shoka mpaka tangi likapasuka. Basi baadhi yetu wakasema mali ya mke ni ya mume, kwa hiyo bwana kavunja cha kwake! Jamani, hayo tumeyatoa wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuoana hakuhamishi mali ya mtu. Kilichopatikana kwa jina la mke huhesabiwa ni cha mke, mpaka mwingine athibitishe vingine. Cha mume vilevile. Kikiwa na majina ya wote wawili, huhesabiwa ni nusu kwa nusu.

Wengine husema, lakini tumechuma wote. Hilo lina ukweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kuwa na fungu si ruhusa ya kuvunja. Fungu huombwa mahakamani, ndoa inapovunjika au wanapotenganishwa. Sasa wewe umeshaigeuza pikipiki chuma chakavu, utagawana nini?

Akina mama nao nawaambia, maana hasira haina jinsia. Umemkuta bwana na mwanamke mwingine kwenye gari, uchungu wako tunauelewa. Lakini wivu haufuti kosa. Tena vijana wengi hapa wanaendesha bodaboda za mkataba. Mpaka deni liishe, kadi ni ya tajiri. Ukiichoma moto umemchomea mtu ambaye hata hamjagombana naye, na yeye hatakuja kuongea na shangazi yako, atakwenda polisi. Kesi ikifika huko ni ya Jamhuri, si ya kuifuta kwa kusema tumeshapatana. Juu ya adhabu, mahakama inaweza kuamuru ulipe fidia. Na msitegemee bima: bima ndogo tuliyozoea kukata ni ya madhara kwa watu wengine, hailipi chombo chenyewe.

Aliyeharibiwa mali asilipize. Aite mjumbe na jirani waone, apige picha kabla ya kupeleka kwa fundi, atunze kadi na risiti za vipuri, kisha aripoti kwa Mtendaji au polisi. Kama kulikuwa na kipigo, Dawati la Jinsia lipo polisi. Sheria hiyo ya 1971 imekataza mume kumpiga mke na mke kumpiga mume. Ugomvi wenyewe wa ndoa upelekwe Baraza la Usuluhishi mapema, kabla ya shoka.

Jumamosi, baada ya kupima ufuta, nitavisoma vifungu hivi kwa sauti hapo ghalani kwa wasiojua kusoma. Wazee wa kikao kile nawaomba wasikose.

Katibu