Unga Ulioletwa Usiku

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya unga.

Mwakumbuka tarehe 2 Januari 2015, mji wa Dar es Salaam uliposhikwa na hofu kwa habari za vijana walioitwa Panya Road. Tena mwezi wa Septemba 2022 vijana wenye mapanga waliingia nyumba za watu usiku, na huko Kawe mwanafunzi mmoja akauawa. Siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba vijana sita wamekufa kwa risasi. Wengi walifurahi. Sisi tuliwaza habari za mama zao.

Watu husema kijana wa namna hii hawapendi wazazi wake. Sivyo, mara nyingi huanza kwa kuwapenda. Baba hana kazi, wadogo zake hulala na njaa, naye ndiye mkubwa. Wenzake wa kijiweni humwita ndugu, na akiugua humtazama. Kisha siku moja humwambia asimame tu njiani, awe mlinzi wao. Usiku ule huja nyumbani na kilo mbili za unga. Mama huinua macho, huona, huinjika sufuria. Haulizi.

Hapo ndipo tutakapo kukaa kidogo. Kijana alikuwa akingoja kuulizwa; pengine njiani alikwisha kutunga la kujibu. Asipoulizwa, hufahamu kwamba nyumba imekubali. Baadaye akitaka kuwaacha wale wenzake, hawamtishi kwa panga tu, bali humwuliza, “Mama yako atakula nini?” Naye hana neno.

Kuuliza ni kugumu, nasi tunaoandika tumeshiba, twajua. Mwana aulizwaye aweza kutoka asirudi. Walakini mwulize siku ile ile, kwa sauti ya chini, wala usipige kelele majirani wakasikia, kwani kundi lenye hasira huua kabla ya kuuliza. Kama yuko mjomba mwenye shamba au karakana, mpeleke kwake kabla hakujapambazuka. Mwalimu naye akiona nafasi ya kijana i tupu siku tatu, aende mwenyewe, asitume barua.

Na unga ule usipikwe. Nawe jirani, ukiona jiko la mwenzio halikuwashwa jioni, mpelekee kibaba, wala usimwulize sababu.