Damu Yetu Nayo Ihesabiwe

Hapa Gisenyi, mji ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 makarani huuandika kwa jina la wilaya yake ya Rubavu, ni shida kumpata mtu mzima asiyewahi kusikia habari za CD4. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, dereva wa pikipiki, na hata mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu, wote wanaelewa kwamba ndani ya damu mna askari wa mwili, na kwamba hesabu yao ikipungua mno mwenye damu yumo hatarini. Ni kwa kuwa katika miaka ya shida ya UKIMWI hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya kupewa dawa au kungojeshwa, mpaka Julai 2016 Rwanda ilipoamua kwamba kila mwenye virusi atibiwe bila ya kusubiri askari wake wapungue. Sidhani kama kuna elimu ya tiba iliyowahi kuenea upesi kama ile katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Walakini rai yangu ni kwamba iliishia njiani, maana ilitufunza habari za askari wanaokufa, ikasahau kutufunza habari za askari wanaoasi na kuushambulia mwili wenyewe.

Maradhi ya uasi huo ni mengi, na mojawapo ni skleroderma, au kwa jina lake refu sklerosisi ya mwili mzima, ambayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume na aghalabu huanzia vidoleni. Mwanamke anayeosha samaki wa sambaza ufukoni mwa Kivu kabla ya jua kuchomoza, au anayechimba viazi katika baridi ya Bugeshi, huona vidole vyake vikifa ganzi, vikipauka, vikigeuka samawati, kisha vikiwiva wekundu damu inaporejea. Ni hali ambayo Maurice Raynaud aliieleza mjini Paris mwaka 1862 kwa kuwatazama wagonjwa wa kwao, ilhali katika ngozi nyeusi mpauko huo hauonekani vyema mpaka umgeuze mtu viganja na kumtazama kucha. Wengi wenye vidole hivyo hawana skleroderma. Kwa aliye nayo, vidole huvimba hata pete isitoke, ngozi hukazana hata isifinyike, ncha hutoka vidonda, kinywa hupungua upana, na kifuani rangi hutoweka ikabakia vitone vyeusi kuzunguka mashina ya vinyweleo. Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa amelishwa amarozi, sumu ya wachawi, na ng'ambo ya mpaka husemwa ni karuho. Huzungushwa kwa waganga hata akiba ikamalizika, na huku mapafu nayo yanakakamaa.

Ukichukua damu ya mgonjwa huyo na kuzihesabu CD4 zake kama tulivyozoea, huenda usione idadi ya kukushtua, kwa sababu kasoro kubwa imo katika mwenendo wa chembe zenyewe. Miongoni mwa chembe T, ambazo CD4 ni kundi lake moja, ziko zinazotoa interlukini ya 4 na ya 13, ambazo ni amri kwa wafumaji wa mwili kufuma kolajeni bila kikomo, na hiyo ndiyo inayoikaza ngozi. Zile zilizowekwa kuwatuliza wenzao mara nyingi huwa dhaifu katika kazi yao. Chembe B, askari wa kikosi kingine, huwa macho kupita kiasi, zikizaa kingamwili za kushambulia viini vya chembe za mwenyewe. Na monosaiti, askari wengine wa damu, huonyesha alama ya interferoni, alama ya vita na kirusi, ingawa hakuna kirusi kilichothibitishwa kuwa ndicho chanzo. La ajabu zaidi lilitangazwa mwaka 1998 na makundi mawili ya watafiti wa Marekani, la J. Lee Nelson wa Seattle na la Carol Artlett wa Philadelphia. Waliitafuta alama ya kiume katika damu ya wanawake wenye maradhi haya, alama ambayo mwanamke hana yake, wakaikuta kwa wingi kuliko kwa wanawake wenye siha: masalio ya watoto wa kiume waliozaliwa miaka mingi nyuma. Ikiwa masalio hayo ndiyo yanayochochea fitina, au ni wapita njia tu, ubishi haujakatika. Lakini katika jamii ambamo mama wa watoto watano hastaajabiwi, naona swali hilo lilistahili kuulizwa kwanza hapa.

Sehemu kubwa ya maarifa hayo imetolewa katika damu ya watu wa Ulaya, Marekani na Japani, na hapo ndipo ninapolalamika. Afrika si mgeni katika habari hii: Robert Goetz, tabibu wa Cape Town, ndiye aliyependekeza mwaka 1945 maradhi yaitwe ya mwili mzima badala ya ya ngozi peke yake, na mwaka 1957 mtafiti Erasmus aliyaeleza kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, ambao vumbi lao la silika limekuja kujulikana kuwa ni miongoni mwa vichochezi. (Mawe meusi ya Nyiragongo tunayoyavunja kujengea yana silika haba; ningewahofia zaidi vijana wa Rutsiro na Ngororero wanaopasua kwatzi kutafuta bati.) Tena imethibitika huko Marekani kwamba watu weusi hushikwa wakiwa na umri mdogo zaidi na huumia mapafu zaidi, na kwamba kingamwili zao ni tofauti: ile ya sentromia ni haba kwao, ile ya fibrilarini ni nyingi. Basi maabara inayopima zile zilizo mashuhuri Ulaya tu yaweza kumpa mgonjwa wetu cheti cha uzima.

Nitaambiwa kwamba nchi yenye malaria haina nafasi ya maradhi adimu. Nami siombi yale ya Erlangen, Ujerumani, ambako katika taarifa ya mwaka 2024 wagonjwa 15, wanne wao wa sklerosisi, walitolewa chembe T, zikafunzwa kuziangamiza chembe B, kisha wakarudishiwa. Naomba daftari. Wauguzi wa vituo vya afya wafunzwe kutazama mikono, kila anayeshukiwa aandikwe, na kwa idhini yake damu ichukuliwe na kupimwa na mafundi wale wale waliokwisha zoea kupambanua chembe moja na nyingine kwa ajili ya UKIMWI, na matokeo yachapishwe kwa jina la nchi iliyotoa damu. Wakati daftari linajazwa, nifedipini, kidonge cha kawaida cha presha, hupunguza taabu ya vidole. Anayeumwa viungo asipewe predinisoloni kwa wingi kabla ya ngozi yake kuguswa, kwani kwa wenye skleroderma dozi kubwa huongeza hatari ya figo kufungwa ghafla. Na presha ipimwe kila ziara, kwa kuwa ikipanda kwa kishindo, kaptoprili, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huweza kuziokoa figo iwapo itaanzwa mapema.